Maneno ya Yaya Niliyoyapeleka Jukwaani

Katika kikundi chetu hatuandiki mchezo. Mkubwa wetu anakuja na kisa, anakigawa: wewe mke, wewe mume, wewe mama mkwe, ugomvi ni huu, mwisho ni huu, basi. Maneno kila mmoja anajiletea kutoka nyumbani. Ndiyo kazi yetu hapa Lubumbashi, na mimi nimeishi kwayo zaidi ya miaka ishirini. Watu wakiniuliza maneno yote yale nayatoa wapi, nacheka. Nayatoa wapi, jamani? Kwa majirani, sokoni, kwenye vilio vya watu. Masikio yangu hayana adabu.

Siku ile tulicheza alasiri katika ukumbi wa parokia, kule Kenya, mtaa wa mjini kwetu, na watu wa televisheni walikuja na kamera zao. Mimi nilikuwa mke asiyezaa. Joto chini ya mabati, na watu wamepoa. Nilitafuta kicheko, hakikuja. Nikalia, mama mmoja wa mbele akafungua karanga zake. Mwenzangu aliyecheza mama mkwe akanikazia macho nifanye kitu. Nikafungua mdomo.

"Kila mwezi niko nafulia bitambaa byangu kwa jirani, juu mama mukwe asibione ku kamba."

Mama wa mbele akaacha karanga zake. Halafu wanawake wakaanza kupiga makofi, mmoja mmoja, mpaka wakasimama wote. Na mimi mjinga nikafurahi. Sitadanganya, nilifurahi sana.

Maneno yale yalikuwa ya yaya yangu, dada yangu mkubwa aliyeolewa mtaa wa Ruashi. Alikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto, na mama mkwe wake anakaa nao ua mmoja. Aliniambia siku tunatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mama yetu, bila kunitazama usoni. Hakuna mwingine aliyejua, ila huyo jirani. Wala hakuniomba nifiche. Nani anamwomba ndugu wa tumbo moja kitu kama hicho?

Mchezo ulionyeshwa Jumapili baada ya misa. Ruashi walikuwa wote sebuleni wanakula. Walinisimulia kwamba mama mkwe alicheka kwanza, akanisifu. Kisha akaacha kucheka, akageuka kumtazama yaya, akainuka kwenda kumuuliza jirani. Juma lile lile yaya alirudishwa kwetu na masanduku yake mawili, na akakaa miezi minne kabla mume wake hajaja kumwomba arudi.

Miezi ile yote hakunigombeza. Afadhali angenitukana, hata kunipiga. Mimi mtu wa hasira, ugomvi naujua, ningejua pa kuanzia. Nilipopiga magoti kuomba radhi aliniambia niinuke, nguo itachafuka, akaniuliza kama nimekula. Akasema yamekwisha. Nikamwamini, maana nilitaka sana kumwamini.

Akarudi kwake. Nikimpigia simu tuliongea juu ya bei ya unga, umeme kukatika, kwaya yao. Tulikwenda hivyo, kwa simu tu, zaidi ya mwaka, na mimi nikajidanganya kwamba tumepona.

Mwezi uliopita, sokoni Kenya, mwanamke anayeuza mboga alinishika mkono akanipongeza. Nikadhani ni juu ya mchezo, nikaanza kutabasamu. Akasema hapana, ni mtoto wa yaya yako, wa kike, ana siku tatu. Nilisikia aibu mpaka miguuni. Nilikimbia kwa mama, naye akakiri kwamba alijua tangu mwanzo, ila yaya alimwapisha.

Nikachukua pikipiki mpaka Ruashi. Yaya alinipa mtoto nimpakate, bila kinyongo, akanisogezea kiti. Nikamuuliza kwa nini mimi ndugu yake niambiwe na soko. Kwanza alitengeneza kofia ya mtoto.

"Docteur alisema mimba inaweza kutoka," akasema. "Nilikuwa na woga, kila siku. Na muntu mwenye nilikuwa natamani kuambia, ni wewe."

Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Kila siku yenye nilikuwa natamani sana kukuambia, njo maana nilikuwa nazima telefone."

Nikamrudishia mtoto wake.