Jumapili za Smati

Wenzangu wa mji wetu wa Baraka, Kongo, wa siku zile za Wabelgiji, mnakumbuka harufu ya Jumapili? Makaa kwenye pasi, visamaki vya ndagala vya jana vikipashwa moto, mawese tuliyopakwa miguuni mpaka ikang'aa!

Kwetu kulikuwa na jambo moja zaidi. Baba alipakua mizigo ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na kwa Waingereza wa huko aliokota neno moja tu: smati. Shuleni tulifundishwa bonjour na merci, lakini smati lilikuwa la nyumba yetu. Maana yake nguo imenyooka, shingo imesuguliwa, na mwenyewe umesimama wima. Kila alipokuwa nyumbani, kabla ya misa alitupanga mlangoni, akatuzunguka polepole, mikono nyuma. "Riziki, smati!" Dada yangu huyo hakukosa hata mara moja. Mimi alinitazama kola, akaona tone la mawese, akasema, "Wewe, safi." Safi! Hata sufuria huambiwa safi. Roho iliniuma, jamani.

Niliapa kwamba Jumapili aliyopaswa kurudi Kigoma, na mimi nitaambiwa smati. Jumamosi nikapika wanga wa muhogo peke yangu, mzito kama uji, nikalowesha gauni ili linyooke, nikalianika kwenye nyasi. Mtoto wa Baraka, nikasahau mbuzi! Niliporudi kutoka kuchota maji, mbuzi wa jirani alikuwa amekula pindo lote, bado anatafuna. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mutoto huyu! Umemupikia mbuzi!"

Asubuhi nikajificha jikoni, nyuma ya vikapu vya muhogo. Baba akaja mlangoni na mzigo wake begani, akaniita.

"Mama yangu, toka nikuone. Boti itaniacha."

Nikazuia pumzi. Alingoja, akangoja, kisha nikasikia viatu vyake vikienda. Hakurudi tena; huko Kigoma ndiko alikozikwa.

Siku hizi wajukuu wangu wanaita kila kitu smati: simu, pikipiki, hata maandazi. Wanavaa suruali zilizochanika magotini. Yule mbuzi angekuwa fundi wao! Nawacheka, nao wananicheka na pasi yangu. Lakini kila Jumapili, nikishafunga kitenge, nasimama kidogo pale mlangoni. Zamani nililitaka lile neno. Leo baba angeita mara moja tu, ningetoka mbio na gauni lile lile lililoliwa. Neno aninyime. Anione tu.