Nusu Yake ya 10001

Leo nimemfokea binti yangu bila kosa, rafiki, na tangu asubuhi situlii. Alikuwa ameiuliza simu yake kama 10001, namba aliyonisikia nikiitaja, inagawanyika, na kabla sijamzuia akanitajia jibu.

Nikiwa na umri wake tulikaa mtaa wa Saio. Nyanya alikuwa akichagua maharagi kwenye lungo, na mimi na jirani yangu, msichana aliyekimbia vita na wazazi wake kutoka Kpandroma, tulimwibia kidogo tuyapange safu. Kumi na mbili yalikaa vizuri, matatu kwa manne. Kumi na matatu, wapi! Moja lilibaki nje kila tulivyopanga. Moshi ukituuma macho, nyanya akatugombeza: "Ile iko chakula, haiko mahesabu! Murudishe sasa, ao niwapige."

Namba kaidi kama hiyo kumi na tatu, isiyogawanyika, mwalimu aliiita premier kwa Kifaransa. Siku moja akaandika 10001 ubaoni. "Dix mille un, iko premier ao haiko? Mutafute mpaka cent tu. Kama inagawanyika, namba moja ya kuigawa lazima iko chini ya cent."

Maharagi hayakutosha tena, tukagawana kazi: mimi nijaribu mpaka hamsini, yeye kuanzia hapo hadi hiyo cent, mia. Niligawa kwa kijiti mavumbini nyuma ya jiko, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, na kila mara kitu kilibaki. Nilifurahi mno. Nilitaka iwe premier, isivunjwe na yeyote.

Yeye hajaanza nusu yake, baba yake akasikia kwamba kwao kumetulia. Gari la kuwarudisha likiwa limeshawaka, yule msichana akanipigia kelele kutoka juu ya mizigo: "Weye usiguse ya miye! Nitarudi nayo!"

Kwao hakukuwa kumetulia. Hatukupata habari yao tena.

Nami sikugusa. Unacheka? Ningeimaliza jioni moja. Nimekua, nimeolewa, nimehama Saio. Nyanya amekufa, na pale palipokuwa na darasa letu leo wanauza simenti. Lakini hamsini na tatu, ya kwanza ya kujaribiwa kwenye nusu yake, sijaijaribu hata siku moja. Kila mama aliyeshuka na viazi kutoka Kpandroma nilimwuliza habari za familia ile, mpaka wengine wakaanza kunikwepa. Nilijiambia kwamba mtu ambaye kazi yake bado inamngoja hawezi kuwa amekufa.

Halafu leo, mtoto, kinywa kimejaa mkate: "Mama, haiko premier. Septante-trois fois cent trente-sept."

Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba! Hiyo sabini na tatu ilikuwa kwenye nusu yake. Mimi nilihangaika mpaka hamsini bila kupata kitu. Yeye ndiye angelipata jibu, na angekuja mbio kunicheka mbele ya darasa zima.

Nilimfokea binti yangu azime simu, nikatoka nje nikalia. Sasa sina tena cha kumngojea msichana yule, isipokuwa yeye mwenyewe.