Keki ya Mama na Kiganja cha Mkemia

Mume wangu amefundisha kemia miaka ishirini, na hanusi kitu moja kwa moja. Hukishika mbali akaipepea harufu kwa kiganja, kama anavyowafundisha wanafunzi wake wajihadhari na sumu.

Siku ya Krismasi, njia nzima kwenda kwa mama, nilimsihi: "Leo usipepee chakula, tafadhali."

Mama alipomwekea kipande cha keki, nilikaa roho mkononi. Kiganja kikainuka. Akapepea!

"Mkwe wangu," mama akauliza, "keki yangu imekukosea nini?"

Kabla hajajibu, baba alirudisha kipande chake kwenye sahani, akaanza kukipepea.

"Miaka arobaini nimekula tu," alisema, "kumbe kinga ipo!"