Mama Alikuja Kupalia Moto

Usiku ule nililala na soksi miguuni, sweta mwilini na mablanketi mawili juu, na bado sikupata joto. Huku Makete mwezi wa saba mtu asikudanganye. Lakini baridi yangu haikuwa ya ngozi tu. Kila mwaka umande ukianza kuganda kwenye majani ya viazi, kuna kitu ndani yangu kinakatika. Silii, sigombi na mtu. Nakaa tu.

Na mwaka huu kukaa tu kulikuwa na hatari yake. Binti yangu mkubwa, Atu, nilimtoa shule mwenyewe kwa sababu ya kigugumizi. Wenzake walikuwa wakimwigiza mpaka akaacha kabisa kusema. Nikatamba mbele ya wakwe zangu: nitamfundisha nyumbani, yeye na mdogo wake, mtaona! Tukaanza vizuri mno, na ubao, na chaki, hata kengele tulikuwa nayo. Baridi ilipoingia kengele ikanyamaza. Asubuhi watoto wanakaa mezani wananisubiri, mimi niko kitandani natazama dari. Baba yao akapiga simu kutoka Mbeya anakofanya kazi.

"Mama Atu, shule zikifunguliwa, kama hajajua kusoma anakwenda bweni. Sitaki mjadala."

Nikamwambia sawa. Sawa! Mtoto wangu apelekwe bweni na kigugumizi chake, na mimi nasema sawa kama nimeulizwa bei ya chumvi.

Basi nikaota niko sebuleni, ni mchana, mwanga wa kijivu. Watoto wako mezani, madaftari wazi, kimya. Mlango unagongwa. Naenda kufungua, namkuta mama. Mama yangu mzazi, tuliyemzika Atu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Amevaa lile sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, na mkononi ana kigae cha chungu. Nilipokuwa mdogo ndivyo tulivyofanya: moto ukizimika jikoni, unachukua kigae unakwenda kwa jirani kupalia. Anakupa makaa mawili matatu, unarudi mbio huku unapuliza. Hakuna aliyeona haya, maana leo ni wewe, kesho ni yeye.

"Shikamoo, mama."

Akaninyooshea kigae.

"Nimekuja kupalia moto, mwanangu."

Wala sikuogopa. Marehemu yuko mlangoni, na mimi nawaza tu kwamba anaingiza baridi ndani. Nikatangulia jikoni, na jiko si langu tena, ni lile letu la zamani la udongo, lenye mafiga matatu. Nachutama, nafukua majivu kwa mikono. Nafukua tena. Majivu matupu, ya baridi. Atu amesimama nyuma yangu anataka kuniambia jambo, "M-m-m…", na mimi simsubiri amalize. Naendelea kufukua.

"Sina moto, mama," nikasema.

Nilitegemea atanigombeza. Mama alikuwa mkali, jamani, akianza kukusema hata kuku wanatoka uani. Lakini alinitazama tu, akanishikisha kigae chake, akatoka. Nikamfuata.

Sasa, kwetu kila mtu anajua kwamba ukiota marehemu anaondoka, usimfuate. Hata mtoto anajua. Nilijua hata mle ndani ya ndoto, na nikamfuata hivyohivyo, watoto nimewaacha kwenye jiko lisilo na moto. Ukungu umeshika njia. Tunapita viazi vilivyobabuliwa na baridi. Simuulizi tunakwenda wapi, kwa sababu ningekwenda popote. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kwenye njia panda akasimama, akageuka, akanizuia kwa kiganja kifuani. Kiganja chake kilikuwa na joto.

"Huku ni kwangu, si kwako. Wewe pinda pale, kwa Mama Tuli, ukaombe. Watoto wako wanakaa na baridi."

Mama Tuli ni jirani yangu. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, sasa anafuga kuku. Tangu nimtoe Atu shule nilikuwa namkwepa, hata njiani nikimwona napita mashambani. Nilihofia asije akaona jinsi majigambo yangu yalivyoishia.

"Nitamwambia nini, mama?"

"Mwambie umezimikiwa."

Nikaamka. Kumekucha, na sebuleni nasikia viti vinavutwa: watoto wanakaa mezani kunisubiri, kama kila siku. Nisikudanganye, moyo ulikuwa vilevile, mzito, hauna hamu ya kitu. Lakini kifua kilikuwa na joto pale alipogusa. Nikajifunga kitenge juu ya sweta, nikaelekea mlangoni.

"M-m-m…" Atu akaanza.

Nikasimama. Nikashika kitasa, nikamtazama usoni, nikangoja. Ilichukua muda. Mdogo wake akataka kummalizia, nikamnyamazisha kwa mkono.

"M-mama, unakwenda wapi?"

"Kwa Mama Tuli," nikamwambia. "Nakwenda kumwomba anisaidie kuwafundisha, mpaka baridi ipite. Peke yangu nimeshindwa. Vaeni masweta, twende wote."