Mbuzi Aliyetupiga Foto

Ndugu zangu, mupiga foto wetu amekufa. Habari ilitoka Uvira asubuhi, na kabla chai yangu haijapoa ilikuwa imefika Runingu, Bwegera, mpaka Luvungi, maana kwetu habari ya kifo haingojei gari. Tulimuzika juzi. Na minye nasema wazi: tangu nizaliwe sijaona kilio chenye watu walicheka vile. Hata padiri alificha uso mu kitabu chake, mabega yanatikisika. Hapana, hatukukunywa kitu. Mungoje niwaelezee.

Mashini yake munaijua: sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na kitambaa cheusi chenye alikuwa anaingiza kichwa. Wakubwa waliipenda sana. Muntu anavaa koti ya kuazima, anakaza uso kama iko anahukumiwa, anaona njo heshima. Lakini watoto! Wakiona kichwa cha muntu muzima kimeisha mu kitambaa, walilia mpaka viboko wa Ruzizi wanatoka mu maji kuuliza nani amefiwa. Wapiga foto wengine waliwagombeza. Yeye, hapana. Mashini ilikuwa na mupira wa kufinya, wenye mukia murefu. Aliuweka mu mukono wa mutoto. "Shefu, foto iko yako. Nikisema sasa, finya." Kisha anakuja mbele, anaweka vidole juu ya kichwa kama pembe, analia kama mbuzi. Mutoto akisha kucheka, anatoka mbele, anasema "sasa".

Siku moja jirani yangu alileta bibi yake na mutoto wao mudogo. Kesho yake bato, ile meli ya ziwa, ilikuwa inamupeleka jirani Albertville kutafuta kazi, na bibi alitaka foto ya wote watatu, mutoto asisahau papa yake. Kioo cha kupigia foto kilibaki kimoja tu. Vingine vilingojewa toka Usumbura. Minye nilishika shuka nyuma yao, iwe ukuta wa foto, upepo wa ziwa unataka kunirusha mpaka Urundi.

"Kitambaa kimekula muntu!" mutoto analia.

Akapewa mupira. Mbuzi akalia. Mutoto akacheka, mama akacheka, hata papa na kravati yake ku shingo akacheka. Mupiga foto akageuka arudie mashini, pembe zingali juu, ulimi inje. Mutoto hakungoja "sasa". Akafinya.

Foto ikatoka: mbele mbuzi mukubwa kama kanisa, nyuma yake familia kadogo, inacheka.

"Nilisema foto ya familia!" papa akawaka. "Weye uko wa familia gani?"

"Ungojee kioo kingine, baba?"

"Bato itaningojea?"

Bibi akaichukua. "Lete ivyo ivyo. Siku yenye umecheka njo hii."

Papa alikawia kule sana. Siku alirudia, na kofia mupya na sanduku ya bati, mutoto akajificha nyuma ya mama.

"Huyu hapana papa. Papa yangu iko na pembe."

Miaka yote aliangalia ile foto ku ukuta, na mukubwa mwenye alimuona mbele njo huyo mbuzi! Mutaa wote tulianguka chini na kicheko. Lakini papa mwenyewe alikaa juu ya sanduku yake, kofia mu mikono. Bibi akaenda kumuita mupiga foto.

Alikuja, akapiga magoti mu vumbi, akalia kama mbuzi. Mutoto akapanda mugongo. Mupiga foto akatambaa naye mpaka mbele ya ile sanduku ya bati.

"Shefu, minye niko mbuzi tu. Mwenye mbuzi njo huyu. Papa, muonyeshe pembe."

Jirani yangu akatuangalia sisi wote. Akaweka kofia chini. Akaweka vidole juu ya kichwa, akalia kama mbuzi, vibaya sana, mpaka akacheka mwenyewe. Mutoto akamuangalia kinywa.

"Njo ule wa nyuma mu foto!" akasema. "Mwenye anacheka!" Akamurukia shingo.

Mupiga foto hakuacha foto yake ingine. Njo ile ya mbuzi iliwekwa juu ya sanduku lake la kuzikiwa. Jirani yangu alikuja kutupa udongo, amevaa kravati. Akasimama. Akainua vidole, akalia kama mbuzi, na mara hii alilia vizuri. Pale njo padiri alishindwa kuzuia kicheko.

Nimezika wakubwa wengi wenye foto za uso mukali, na watoto wao walisimama mbali. Kwa huyu, watoto walisukumana waone. Muntu akitaka mutoto amukumbuke, arudishe kwanza ile koti ya kuazima.