Mabibo ya Futari

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa hodari wa pombe ya mabibo kuwapita wanawake wote wa upande wetu wa Kisarawe. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Msimu ulipofika alinyofoa korosho akaziweka kando, mabibo akayakamua kwa mikono, akachuja maji yake kwa kifumbu na kuyamimina mtungini. Mtungi huo hakuusugua kamwe. Machicha ya juzi aliyaacha chini ili yayaamshe maji mapya, na asubuhi ya pili povu lilikuwa limeshafika shingoni. Baba alikwenda kwake kila jioni, eti kumjulia hali dada yake, akarudi anatafuna karafuu. Kijiji kizima kilijua. Mama naye alijua, ila alitoka kwa watu wa dini huko Mlandizi, na alilelewa kunyamazia aibu ya mume.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Kila nilipotumwa kwa shangazi alinilambisha povu kwa kidole.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Mimi ataninunia tu, wewe atakuchapa."

Sikusema. Nililipenda lile povu.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia msimu wa mabibo. Baba akawaalika wanaume wa msikitini waje kufuturu kwetu, pamoja na mwalimu wa chuo cha Kurani. Mama aliipokea habari hiyo kwa hofu. Aliwahi kuunguza wali mbele ya wageni, na tangu hapo baba alikuwa na neno moja mdomoni: "Ukiniaibisha tena, unarudi kwenu." Alilisema hata alipokuwa akicheka.

Mtungi wetu ulikuwa umepasuka siku chache nyuma. Asubuhi ya siku ya wageni shangazi akaja na wake kichwani.

"Chukua huu, wifi. Nimeusuuza."

Mama alimshukuru mpaka nikaona haya. Alitaka sana kupendwa na ndugu za baba. Akausuuza tena mara tatu, akaufukiza ubani, na ubani ukafunika kila harufu. Hakuwa na njia ya kuutambua kuwa ni ule wa pombe, kwa maana uani kwa shangazi hakuwahi kuingia. Mimi niliutambua mara moja kwa pengo la mdomoni mwake. Nilidhani maji yameshausafisha. Ndivyo nilivyojiambia.

Mama akakamua mabibo, akatia sukari na tangawizi, akauweka mtungi kivulini nyuma ya jiko. Kutwa nzima aliusogeza kila kivuli kilipohama. Alasiri ukafika wakati wa kuonja. Wapo waliofunga ambao huonja kwa ncha ya ulimi kisha wakatema. Mama hakuthubutu hata hilo. Mimi nilikuwa sijaanza kufunga, kwa hiyo kila siku ulimi wangu ndio uliopima chumvi ya mchuzi na sukari ya uji.

"Nionjee, mwanangu. Tamu?"

Yalinichoma ulimi. Niliijua ladha ile vizuri kabisa. Nikafikiri: nikisema yamechachuka kama ya shangazi, ataniuliza ya shangazi nimeyajulia wapi. Niliogopa fimbo.

"Tamu," nikasema.

Akanibusu utosini.

Magharibi walikula tende, wakasali, wakakaa jamvini. Mwalimu akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Haya yamechachuka," alisema. "Pengine ni joto tu."

Alikuwa amemfungulia baba mlango wa kutokea. Baba hakupita. Kikombe chake mwenyewe kilikuwa tupu, alikwishakunywa mpaka tone la mwisho bila kukunja uso. Akasimama, akamwita mama kutoka jikoni, na mbele ya wanaume wote akasema, "Umenilisha haramu mimi na wageni wangu. Nimekuacha."

Mama alikuwa na upawa mkononi. Alinitazama mimi, si baba. Nikatazama chini.

Kesho yake akafunga nguo zake akaenda Mlandizi. Eda ikaisha, baba hakumrejea. Mimi nilibaki upande wa baba, nikalelewa na shangazi, ambaye alikuja kuchukua mtungi wake siku ileile mama alipoondoka. Sijui kama alikusudia, na nimechoka kumtafutia udhuru. Alinifundisha kukamua, kuchuja, kuacha machicha. Baba aliendelea na karafuu zake mpaka anakufa, na msikitini walimsifu kwa msimamo wake.

Nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto nilikwenda kumwona mama. Alikuwa amezeeka, anapepeta kunde kwenye ungo. Tuliongea habari za wajukuu, kisha akaniuliza bila kuinua uso.

"Siku ile uliponionjea, mwanangu. Yalikuwa matamu kweli?"

Fimbo haikuwapo tena. Baba alikuwa kaburini, shangazi hali kadhalika. Hapakuwa na mtu wa kumwogopa isipokuwa yeye, kwani nikisema kweli angeuinua uso wake anitazame.

"Yalikuwa matamu, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo kwa miaka yote.

"Basi ni mimi," akasema. "Niliyaacha juani."

Akaendelea kupepeta.