Vikopo vya Eliamini

Asubuhi za Moshono zimebaki na majogoo tu. Hakuna tena sauti ya Eliamini mlangoni ikisema, "Usiteme mate, baba. Kohoa kutoka chini, kama unang'oa kisiki."

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kazi yake ilikuwa kukusanya makohozi ya wazima na wagonjwa, ili maabara ijue nani ana kifua kikuu na vijidudu vya nani vimeshazizoea dawa. Alipita boma kwa boma, vikopo vyenye namba vikigongana mgongoni.

Siku moja alifika kwa mzee Loishiye, magharibi ya Mlima Meru. Sinyati, binti wa mzee, alikuwa amemeza vidonge miezi minne na bado anakohoa. Makohozi yake yasipoliwahi gari la maabara mchana huo, angeongezewa mwezi mzima wa vidonge vilevile kungoja gari lijalo, na kwa jinsi alivyokonda, mwezi ulikuwa mbali.

Eliamini aligawa vikopo, akaenda kunawa. Aliporudi, Loishiye na wazee wenzake watatu walikuwa wametemea mate kila kikopo, hata cha Sinyati.

"Tumekumalizia kazi," alisema Loishiye. "Sisi mtu tunambariki kwa mate. Serikali imechelewa kuomba, lakini hatuna kinyongo."

Eliamini, Mmeru wa Kilutheri aliyezoea baraka za mikono mitupu, alivitazama vikopo. Kuvimwaga mbele yao ingekuwa tusi.

"Mzee, huko mjini hivi vitachemshwa, kisha vitupwe."

"Baraka zetu?"

"Zote. Heri mnitemee mimi, nizibebe mwenyewe. Vikopo vibaki vya kikohozi."

Wazee walinong'onezana.

"Huyu Mmeru ana tamaa," alisema mmoja. "Anazitaka zote peke yake."

"Inama," alisema Loishiye.

Aliinama kwa muda mrefu. Wazee hawakuwa wachoyo. Alipoinuka, utosi ukimeremeta, Sinyati alishindwa kujizuia. Alicheka, na kicheko kikavuta kikohozi kutoka chini kabisa, penye kisiki. Eliamini alikuwa ameshamsogezea kikopo kipya.

Gari lilikikuta. Majibu yalirudi baada ya wiki nyingi: vidonge vile havikuwa vikiua kitu mwilini mwake. Akapewa dawa nyingine, akapona.

Kaburi la Eliamini liko Makumira, nyuma ya nyumba ya binti yake Hanna, kati ya migomba na kahawa.